Mizani Tatu

Godauni letu la chai liko Shimanzi,
nyuma ya matangi ya mafuta,
na mimi ndiye karani wa watu:
anayeingia, anayetoka, anayezikwa.

Kila Novemba huja wakala wa bima.
Viatu vyake havijui vumbi la chai.
Hufungua kabrasha juu ya meza:
Dhahabu. Fedha. Shaba.
Mwaka wa sita huu twanunua Fedha,
kwa kuwa Dhahabu inatushinda
na Shaba inatutia haya.
Hakuna aliyewahi kuuliza
nani humu anaumwa nini.

Safari hii niliomba wiki moja.
Nikatoa daftari la mahudhurio,
karatasi za ruhusa ya ugonjwa,
risiti zilizogandana kwa jasho la mifukoni,
nikazimwaga zote kwenye kompyuta:
safu mia tatu na kumi na mbili,
kila safu mtu,
kila mtu namba. Majina nikayafuta.

Usiku feni inalalama, nami nasoma.
Miwani: tumelipia mia mbili, wamechukua tisa.
Kung'arisha meno: wawili, wote wa ofisini.
Mgongo: themanini na wanne.
Themanini na wanne, jamani,
na mgongo kwenye kabrasha haumo
mpaka uvunjike.

Kwenye presha niliinuka nikanywa maji.
Wanaanza dawa mwezi huu,
mwezi ujao wanaacha,
mwezi wa tano wanalazwa siku kumi na moja.
Vidonge vya mwezi ni bei ya mahamri na mbaazi za wiki.
Kitanda kile ni bei ya magurudumu ya folklifti,
yote manne.

Mbona wanaacha? Daftari lilinyamaza.
Nikamuuliza Nyevu wa zamu ya usiku.
Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka kukasirika:
"Kliniki yenu iko ng'ambo, Likoni.
Yafunguliwa saa mbili. Mimi natoka saa kumi na mbili.
Hayo masaa mawili nilale wapi, kwenye feri?"

Kumbe yako maradhi
ambayo ni masaa mawili tu
yasiyo na mwenyewe.

Bwana Mwakio alisoma ukurasa wangu kwa kidole.
Kidole kikasimama.
"Huyu arobaini na saba anatumaliza. Ni nani?"
"Ni arobaini na saba."
"Jina."
"Jina ni lake, bwana."
Nje folklifti ilirudi nyuma ikipiga kelele.
Nilijua: akilipata jina,
mkataba wa Februari hautakuwa na saini.
Hizi takwimu ni kisu cha jikoni,
chamenya muhogo, chakata na kidole.
Mimi nilikileta kwa ajili ya muhogo.

Nikamgeuzia karatasi ya pili:
gharama ya kumfunza mgeni kupanga shehena,
chai iliyochelewa meli kwa kukosa mikono.
"Bei twaijua," nikasema, "hata wakala anaijua.
Thamani ndiyo hatujaipima,
na humu ndani tuna mizani tatu,
zote za chai."

Alivua miwani. (Yeye ni mmoja wa wale tisa.)
"Miezi mitatu. Isipofaa, twarudi kwa Fedha."

Pesa za meno zimenunua troli nne.
Pesa za miwani zimemleta muuguzi Kadzo,
saa kumi na moja na nusu alfajiri,
meza ya plastiki kando ya lango,
vidonge bila malipo,
mlango wa kibanda umefunikwa leso
ili anayepimwa asisomwe.

Je, yamepungua? Sijui bado.
Karatasi za ruhusa zingali zaja,
na troli moja imekwisha vunjika.
Ila Jumatatu ya kwanza
watu kumi na tisa walikunja mikono ya mashati,
na katikati ya foleni, arobaini na saba,
akipiga miayo, chai imemganda kwenye nyusi.

Nikainama, nikajifanya natafuta kalamu.